Ukurasa Wenye Utepe Mwekundu

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut aliishi mjane mchamungu aitwaye Bi Raihana. Marehemu mumewe alikuwa imamu. Kila Ijumaa baada ya Alasiri wanawake wa mtaa walijaa sebuleni kwake, naye hufungua msahafu wa marehemu, akasoma kwa sauti ya kuwaliza, asikosee hata herufi.

Alikuwa na binti mmoja, Lubaba, mwenye umri wa miaka kumi. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne katika chuo cha Kurani, na bado alikuwa kwenye ubao wa herufi. Herufi aliyoijua asubuhi, jioni ilikuwa ngeni kwake. Walioanza naye walikwisha kuhitimu, na wadogo zao wakampita pia. Bi Raihana, Mungu amsamehe, alidhani ni uvivu. "Umezaliwa katika nyumba ya wasomaji," humwambia, "nawe unanitia aibu mbele za watu." Wazazi wa leo tusijifanye tunayashangaa maneno hayo, maana tunayasema.

Siku moja mwalimu wa chuo, Sheikh Kutaiba, alimwita yule mama. "Bi Raihana, mtoto huyu si mvivu. Hakuna anayejitahidi kama yeye. Hebu nieleze, wewe ulijifunzaje kusoma? Huenda njia yako ikamfaa."

"Nilijifunza kwa marehemu," akajibu, akainamisha macho, akaondoka haraka.

Alipofika nyumbani alimkuta Lubaba ameufunga ubao wake kwa kitambaa na kuutia sandukuni.

"Mama, niwie radhi, sirudi tena chuoni. Kusoma ni kwa watu kama wewe."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Kila Ijumaa unafungua palepale penye utepe mwekundu. Wiki ile pakatoka kisa cha Nabii Musa. Juzi pakatoka kisa cha Nabii Yusuf. Kama ukurasa mmoja unasema mambo tofauti kila wiki, mimi nitaujulia wapi?"

Bi Raihana akaketi. Ukweli ni kwamba hakujua kusoma. Aliyahifadhi yote kwa kusikia tu, miaka ishirini akisaga unga huku mumewe akisoma chumba cha pili, na wanawake walipodhani anasoma, aliona haya kuwasahihisha. Sasa angeweza kusema kwamba hiyo ni karama, na mtoto angeamini. Heshima yake ingebaki, na Lubaba asingeshika tena ubao maisha yake yote.

"Ukurasa husema jambo moja tu, mwanangu, leo na kesho," akasema. "Ila mama yako hajui ni jambo gani. Sijui kusoma. Naijua alifu tu, kwa sababu imesimama peke yake."

"Hata wewe?" akauliza Lubaba.

"Hata mimi."

Mtoto akaangua kilio, akamkumbatia, na kilio hicho kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Ijumaa iliyofuata Bi Raihana aliwaambia wanawake ukweli. Mmoja akajitanda ushungi wake akatoka. Waliobaki wakamwomba asome vivyo hivyo, bila msahafu. Jumamosi akaenda chuoni na ubao wake mwenyewe, akaketi mkekani na watoto, ubavuni mwa binti yake. Sheikh Kutaiba akamsogezea wino. Tangu siku hiyo mama alitamka polepole aliyoyahifadhi, na binti akafuata kwa kijiti, herufi baada ya herufi. Sura moja fupi iliwachukua miezi minne, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Mwaka wa pili, Ijumaa moja, Lubaba aliufungua msahafu wa marehemu penye utepe mwekundu mbele ya wanawake wote, akasoma kwa kusitasita mstari wa kwanza, kisha wa pili. Hapakuwa na Musa wala Yusuf. Zilikuwa hukumu za mirathi, fungu la huyu na fungu la yule. Miaka yote ile walikuwa wakililia mirathi. Wanawake wakacheka mpaka wakajifuta macho, na Bi Raihana akacheka kuliko wote, huku akisema alhamdulillahi.

Ndugu yangu mzazi, mtoto wako akikwama, kabla hujapaza sauti, mwambie mahali ulipokwama wewe. Huenda ndilo neno analolingoja.