Koili Aliyoikata Fundi Mgaya

Ncha zigusane kwanza, ndipo ziguse kazi. Mmeisikia methali hii kinywani mwa bibi yenu katika kikao cha ukoo, alipomkatiza kijana aliyekuwa akimshitaki nduguye, nanyi mkauliza ni ncha zipi na ni kazi gani, kwa maana bibi yule hajapata kushika chombo kingine ila jembe na mwiko. Swali lenu ni la haki. Ketini mjue ilikotoka.

Katika nyanda za juu za Ubena, kwenye mji mdogo wa Mavanzala, palikuwa na karakana ya ufundi wa umeme. Mkuu wake alikuwa Eliudi Mgaya, mtu mrefu, mkavu wa maneno, aliyefunzwa kazi misheni na kurithi huko desturi ya kuvaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kusafisha mota zenye masizi. Juu ya meza yake, chini ya kitambaa cheupe alichokifua kwa mkono wake, ilikaa mita ya kupimia umeme. Haikuwa ile ndogo ya kutiwa mfukoni. Ilikuwa mita ya mezani, yenye kioo kipana cha tarakimu na matundu ya kuchomekea nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, kila mmoja ukiishia kwenye ncha ya chuma. Ikisemwa mjini kwamba mita ya Mgaya imekwisha kunena, ubishi ulikoma.

Mgaya aliwalea mafundi wake kwa desturi moja. Kabla ya kupima chochote, fundi alizigusanisha ncha zile mbili zenyewe kwa zenyewe. Mita ikilia, na tarakimu zikashuka hadi karibu na sifuri, ilijulikana kwamba njia ya umeme ndani ya nyaya zake haijakatika. Hapo Mgaya aliuliza kutoka alipoketi, bila kuinua kichwa, "Kipimo?" na fundi akajibu, "Kizima." Asiyeweza kujibu hakuruhusiwa kugusa kazi. Aliwafundisha pia kuzitundika nyaya ukutani kila jioni, wasizizungushe kwenye mwili wa mita, kwa sababu shaba inayokunjwa kila siku mahali pamoja hukatika ndani hali ngozi yake ya plastiki ingali nzima, na jicho halioni.

Lakini mtu akikaa sana mahali pa kuuliza, husahau kwamba naye yampasa kujibu. Mgaya aliona kugusanisha ncha ni jambo la wanaojifunza. Nani katika karakana ile angemwuliza yeye habari ya kipimo? Na kwa kuwa msumari wa kutundikia ulikuwa mbali, karibu na mlango, jioni alizizungushia nyaya mita yake, akazikaza, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akaenda zake nyumbani.

Miongoni mwa aliowafundisha alikuwapo Tabitha Mwalongo, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, aliyekwisha kuwa fundi kamili na kupewa meza yake katika karakana ile ile. Ikatokea kwamba mota ya mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama wa Mavanzala iliungua. Mwenyekiti wao, Mama Yustina Kihongole, aliamuru mota ichukuliwe moja kwa moja mezani kwa Tabitha aisuke upya kwa waya mpya wa shaba. Mgaya aliombwa tu aipime kazi itakapokwisha. Jambo hilo lilimkaa kama punje ya mahindi iliyonasa kwenye jino. Tena alikuwa amesikia kwamba katika mji mwingine fundi fulani alikamatwa akisuka mota kwa vipande vya shaba kuukuu vilivyoungwaungwa. Fundi yule na Tabitha hawakuhusiana hata kidogo. Hata hivyo, Mgaya alianza kuwafikiria pamoja.

Asubuhi ya kupima, akina mama walijaa mlangoni. Tabitha aliileta mota ikiwa wazi, koili zake tatu za waya wa shaba zinang'aa kwa vanishi mpya, akasema kwa mzaha kwamba hata bibi harusi hajapakwa mafuta namna ile, na wenzake wakacheka. Mgaya hakucheka. Alizifungua nyaya, akabonyeza kitufe cha mita, akaweka ncha mbili kwenye miisho ya koili ya kwanza.

Mita haikulia. Kioo kilionyesha alama ya njia iliyokatika.

"Koili hii imekatika ndani," Mgaya alisema.

Tabitha alisogea, mzaha ukamtoka usoni. "Haiwezekani, Mwalimu. Nimeisuka kwa waya mmoja usio na kiungo. Tafadhali, gusanisha ncha."

"Unasema nini?"

"Nasema ulivyotufundisha. Kipimo?"

Neno lile lile lililokuwa lake kwa miaka yote lilimrudia mbele ya watu, na badala ya kulijibu, Mgaya alilihesabu kuwa tusi. Alisema kwamba yeye hakuanza kupima jana. Alisema kuna mafundi wanaounga shaba ya jalalani, kisha wanafunika aibu kwa vanishi. Akachukua koleo, akakata nyuzi zilizofunga koili, akaing'oa kutoka kwenye kitanda chake cha chuma hadi shaba ikatawanyika mezani kama matumbo ya kuku. Hakuipima koili ya pili.

"Vua aproni yako," alimwambia. "Katika nyumba hii hatulei wadanganyifu."

Tabitha aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya shaba iliyotawanyika. Akatoka. Akina mama walimpisha njia kwa jinsi watu wanavyompisha mwenye ndui.

Walipokwisha kuondoka, Mgaya aliwapa mafundi ruhusa ya chakula, akabaki peke yake. Alitaka kuiona ile sehemu iliyokatika, ili aiweke mezani kama ushahidi. Aliupitisha waya kati ya vidole vyake kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuwa na kiungo. Haukuwa umekatika. Akaurudia. Kisha akapima koili ya pili, na mita ikasema imekatika. Akapima ya tatu, na mita ikasema imekatika.

Koili tatu hazikatiki kwa pamoja mezani, bila moto wala shoka. Mgaya alilijua hilo tangu ujana wake.

Polepole, kama mtu anayefunua shuka ya maiti, alizigusanisha ncha mbili. Mita ilikaa kimya. Alipoupinda waya mweusi karibu na chomeko, pale alipozoea kuukunja kila jioni, mita ililia mara moja, ikanyamaza tena.

Uso ulimwaka akiwa peke yake. Katika droo mlikuwa na nyaya mpya. Alizichomeka, akagusanisha ncha, mita ikalia; akapima koili ya pili na ya tatu, zote nzima. Hapo wazo lilimjia, nalo lilikuja likiwa limevaa nguo za heshima. Atangaze kwamba amepima upya na kukuta ni koili moja tu iliyoharibika, kosa la bahati mbaya. Amwite Tabitha, amrudishie aproni kwa huruma. Waya mbovu autupe chooni. Tabitha angerudi, pengine angeshukuru, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Uongo ule ulikuwa umekamilika, hauna mahali unapovuja. Mgaya aliutazama kwa muda, akatambua kwamba alikuwa anasuka upya, kwa ustadi, kosa lile lile alilomsingizia mwenzake: kuunga kilichokatika na kukifunika kwa vanishi.

Aliing'oa mita mezani, akaichukua mikononi mchana kweupe pamoja na waya wake mbovu, akapita nayo katikati ya soko hadi nyumba ya mashine. Akina mama walikuwapo, wakipanga namna ya kubeba mahindi kuvuka bonde kwenda kusagisha ng'ambo. Tabitha naye alikuwapo, amefuata spana zake alizoziacha tayari kwa kufungia mota. Mgaya hakusalimu. Aliichomeka mita kwenye soketi, akaurudishia waya ule mbovu, akagusanisha ncha mbele yao, akazishikilia hivyo.

"Mnasikia nini?" aliuliza.

"Hatusikii kitu, Baba," alijibu Mama Kihongole.

"Ilipaswa kulia. Mita hii ilikuwa imekatika yenyewe, nayo ikasema koili imekatika. Waya niliukata mimi kwa kuukunja vibaya. Tabitha aliniomba nigusanishe ncha, nikamvunjia heshima kwa sababu aliniuliza mbele yenu. Koili yake ilikuwa nzima. Nimeikata bure."

Mama mmoja alianza kusema kwamba kukosea ni kwa binadamu, Mama Kihongole akamgusa anyamaze. Mgaya alimgeukia Tabitha, akasema, "Nisamehe, fundi." Hakuwa amepata kumwita hivyo.

Tabitha alizifuta spana zake moja moja kabla ya kujibu.

"Umekata vitu viwili, Mwalimu. Koili nitaisuka mimi. Jina langu utalisuka wewe."

Basi Tabitha alirudi mezani kwake, akasuka, na mashine ikasaga tena. Kazi ya Mgaya ilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa neno baya halina mwisho unaoonekana wa kuanzia kulifungua. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akasimama sokoni na kwenye mlango wa kanisa, akieleza lile lile. Pasipokuwa na mita, aliwaonyesha watu kwa kugusanisha vidole vyake viwili vya shahada, naye, mzee mwenye mvi, akachekwa na watoto waliomwiga nyuma yake. Hakuwakemea. Na hata baada ya hayo, walikuwapo waliouliza kwa siri kama mota ya Tabitha haikuungwaungwa. Na kila aliposikia swali hilo, Mgaya aliinamisha kichwa, akaanza tena kueleza.

Vidole vile viwili ndivyo vilivyobaki. Mtu alipoharakisha kumhukumu mwenziwe, wazee wa Mavanzala walimwonyesha vidole vilivyogusana, na methali ikafuata, ikavuka mabonde hadi kwa watu wasiopata kuiona mita.

Na katika karakana, tangu siku ile hadi alipostaafu, kila Mgaya aliposhika nyaya, Tabitha aliuliza kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa, "Kipimo?"

Na mzee alizigusanisha ncha, akangoja mlio, akajibu, "Kizima."

Ncha zigusane kwanza, ndipo ziguse kazi.