Pilipili Ndani ya Bomba la Kahawa

Pilipili huishia chafya, risasi huishia matanga. Mnaniuliza, wajukuu zangu, nani aliyeitamka methali hii kwanza: aliyeshika bomba au aliyeshika gobore? Hilo mtalisikia mwishoni. Chanzo chake ni hiki.

Katika kijiji kimoja cha Wangoni, wezi wa mbuzi walianza kuja mchana, watu wakiwa mashambani. Otmari Gama akatoa gobore la marehemu baba yake, akalishindilia baruti, akaliegemeza mlangoni. Mkewe, Skolastika, alisema hadi akachoka. Alisema akikoroga uji, akasema akiosha vyombo, akasema hata njiani kutoka kanisani.

“Mbuzi akiibwa tutapata mwingine. Ukimuua mtu, utamlipa kwa mtu gani?”

“Mama Kosmas, wezi hawaogopi maneno.”

“Nani ametaja maneno?”

Alitwanga pilipili kichaa, akaziloweka, akachuja maji yake kwa kitambaa, kisha akayajaza katika bomba la kunyunyizia kahawa dawa. Otmari alicheka hadi akashika mbavu.

“Mwizi umemfanya kachumbari?”

Skolastika aliliegemeza bomba kando ya gobore. Amjibu mara ngapi?

Siku ya tatu, adhuhuri, mbuzi walilia. Mtu aliyejitanda shuka hadi puani alikuwa akimburuta beberu kutoka zizini, bila hodi. Otmari alinyakua gobore, akalenga. Skolastika, bomba mgongoni, akapita mbele ya mtutu.

“Toka hapo, mwanamke!”

“Basi anza na mimi!” alisema bila kugeuka, akampulizia yule mtu machoni.

Beberu alikimbia. Yule mtu alianguka kifudifudi, chafya juu ya chafya.

“Wangoni mmeniua! Mbuzi wa utani tu, mmeniua!”

Ilikuwa sauti ya Lukelo, Mhehe, mtani wao. Mtani huchukua kitu cha mtani wake bila kuomba, na hakuna wa kumshtaki. Naye aliona msimu wa wezi ndio wa kuwatania vizuri.

Otmari alishusha gobore. “Lukelo! Ningekuua!”

“Na nani angenizika?” Lukelo aliuliza, akinawa maji aliyoletewa na Skolastika. “Mhehe akifa, Mngoni ndiye mtani wa kushika jembe. Ungeniua, ukanichimbia kaburi, kisha ukanitania mbele ya wanangu?”

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani kwa kelele zile. Lukelo mwenyewe hakucheka.

“Hayo ndiyo ninayosema tangu Jumapili,” Skolastika alisema, akilitua bomba chini kwa kishindo. “Tangu Jumapili!”

Otmari aliinamisha kichwa. Kisha akawageukia majirani.

“Kesho nalipeleka gobore hili polisi, na sitalifuata tena. Nyumba hii italindwa kwa bomba la mke wangu. Pilipili huishia chafya, risasi huishia matanga.”