Paja la Kunyolea Faraji

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana kliniki ilikuwepo, Mgeni alijifungua mtoto wa kiume, mdogo kama kifaranga, akamwita Faraji. Mama mkwe alisema maziwa ya kwanza, yale ya manjano, ni uchafu, yamwagwe. Mgeni akakataa, akanyonyesha. Haukupita muda homa ikamwangusha, akapewa dawa kali, nesi akamkataza kunyonyesha. Mgeni alilia kuliko mtoto.

Akaletwa wifi yake, Zaituni, aliyekuwa ananyonyesha mtoto wake. Kila asubuhi anamnyonyesha Faraji, anakamua na mengine kikombeni ya kumnywesha usiku, kisha huyoo kwake. Mtoto akanenepa. Ila usiku halali. Anakodolea dari macho kama askari wa zamu. Wakafukiza ubani, hakulala. Wakamwita mganga, mganga akasinzia, mtoto hakulala.

Nesi akawaambia waache kumsingizia jini wa watu. Maziwa ya mama yana homoni, akasema, na homoni hubadilika na saa: ya asubuhi humchangamsha mtoto, ya usiku humsaidia kulala. Wao usiku walikuwa wakimnywesha asubuhi.

Jirani yao Mize alikuwa ametoka kumzika mwanawe mchanga. Akaja jioni bila kuitwa, akampakata Faraji, akamnyonyesha. Mtoto akalala. Kila jioni akaja, kila usiku mtoto akalala.

Arobaini ikafika. Mgeni amepona, maziwa yamekauka. Na desturi ya mji ule, mtoto hunyolewa pajani kwa mama, paja moja tu, na mwenye paja huitwa kwa jina la mtoto mpaka kufa kwake. Mgeni akakaa mkekani. Zaituni akakaa. Mize naye, huyo, akakaa. Kinyozi akabaki na wembe wake mkononi.

“Pasipo mimi asingezaliwa,” alisema Mgeni, “na maziwa ya kwanza ni yangu.”

“Pasipo mimi asingenenepa,” alisema Zaituni. “Hayo mashavu mnayoyafinya ni yangu.”

“Pasipo mimi asingelala,” alisema Mize. “Wangu nilimzika. Maziwa hayakupata habari.”

Faraji akalia. Kanga ya Zaituni ikalowa kifuani. Kanga ya Mize ikalowa. Mgeni akaitazama yake, kavu, akaona uchungu kushinda ule wa kuzaa.

Haya, nyinyi mliokula ubwabwa wa arobaini mkanyamaza, kinyozi anawangoja. Je, nani alistahili kuitwa Mama Faraji?