Kesi ya Kanga Iliyofuliwa

Leo sitaki wasikilizaji, nataka mahakimu. Kaeni vizuri, mkubwa na mdogo, kesi yenyewe ndiyo hii.

Bi Mwajabu wa Kondoa alijaliwa mikono ya usafi. Doa lililowashinda wengine yeye alilitoa kwa sabuni ya mche na subira. Kaka yake, Mzee Idi, alijaliwa kupatanisha. Ndugu wasiosalimiana aliwakalisha kwenye jamvi, wakainuka wanacheka. Jirani yao, Bi Tausi, alijaliwa mdomo. Huyo akienda kununua nyanya, anarudi na habari ya kuutosha mtaa mpaka magharibi. Wote watatu walimpenda Sikudhani, binti wa Bi Mwajabu, fundi cherehani.

Jioni moja Sikudhani alirudi kutoka dukani kwa Kibwana, muuza vitambaa, kanga yake imechanika.

"Mama, Kibwana ameniingilia kwa nguvu."

Bi Mwajabu hakuuliza la pili. Alichemsha maji yenye majani ya mwarobaini, akamwogesha kama alivyomwogesha alipokuwa mchanga. Kisha akaichukua ile kanga, akaifua mpaka maji yakatoka meupe. Hakutaka mwanawe abaki na chochote cha yule mtu. Na kweli, hakikubaki kitu.

Mzee Idi naye akasema, "Polisi mtamtangaza mtoto bure. Niachieni. Nitamleta Kibwana mbele ya wazee, akiri, aombe radhi." Kibwana akawa anamzungusha: leo ana mgeni, kesho ana safari. Wiki zikapita. Siku alipokana waziwazi, ndipo Mzee Idi akampeleka mpwa wake kituoni, amechelewa.

Bi Tausi, kwa macho yake, alimwona Sikudhani akitoka dukani analia, na Kibwana akifunga mlango nyuma yake. Angesema hilo tu! Lakini Bi Tausi hajawahi kusema hilo tu. Aliwaambia polisi kwamba alisikia na ukelele. Mahakamani akatia chumvi, akaongeza kisu, maana alitaka hakimu aumie kama alivyoumia yeye.

"Mama," wakili wa Kibwana akamwuliza taratibu, "hicho kisu mbona polisi hukuwaambia?"

Bi Tausi akashuka kizimbani, na lile la kweli aliloliona likakosa wa kuliamini.

Daktari alisema wazi kwamba hakuwa na cha kupima. Hakimu, mama mtu mzima, akavua miwani. "Binti, sisemi umesema uongo. Nasema ushahidi huu haunitoshi kumfunga mtu."

Kesho yake Kibwana akafungua duka.

Nyumbani kwa Bi Mwajabu hakuna aliyegusa chakula. Mwenyewe aliitazama mikono yake, ile iliyosifiwa mtaa mzima, akatamani isingekuwa yake. "Nimemfungulia yule mtu mlango mimi," akasema. "Ningeiacha kanga na uchafu wake!"

"Si wewe, dada. Ni mimi na jamvi langu."

"Ni mdomo wangu huu," Bi Tausi akalia.

Wakabishana, kila mmoja akiuvutia mzigo kwake, mpaka Sikudhani akatoka chumbani na ile kanga. Akaiweka mapajani mwa mama yake.

"Mama, ulipoichukua hukuniuliza. Mjomba hukuniuliza. Bi Tausi, umesimulia yangu bila kuniuliza. Mlinipenda, najua. Lakini mimi nilitaka nini, nani aliniuliza?"

 Bi Mwajabu alitamani kumwogesha tena, akaogopa hata kumshika mkono.

Haya, mahakimu wangu. Aliyefanya unyama tunamjua, huyo msinitajie. Nawauliza hawa waliompenda: nani kati yao aanze kumwomba radhi? Au aanze yule mama hakimu wa mahakamani, ambaye hakumwita mwongo na bado akamwachia Kibwana? Na Sikudhani akikataa kumsamehe hata mmoja, nani kati yenu atathubutu kumwambia amekosea?