Jina Lililobaki Nyuma ya Jiko

Zamani hizo, huko milimani Mkwaru, mtoto wa kiume hakuchaguliwa jina na wazazi wake. Siku ya nane, jua likiwa halijakausha umande, shangazi yake alisimama mlangoni akawaita waliokufa, mmoja baada ya mwingine, huku mama akimsogezea mtoto ziwa. Likitajwa jina na mtoto akalidaka ziwa, basi huyo ndiye aliyerudi, na mtoto akaitwa hivyo. Majina mengine yaliachwa hapohapo mlangoni, watu wakaingia kula. Hakuna aliyejiuliza wenye majina hayo walielekea wapi. Mambo yalikwenda hivyo mpaka wakati wa Namkunda.

Namkunda alikuwa na kaka mmoja tu, Kangero, mrina asali. Mwaka alioolewa, kaka huyo aliteleza kwenye genge akatumbukia bondeni, na mwili wake haukuonekana. Hakuwa na kaburi, hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Dada mtu alijua kwamba jina lile lisipopata wa kulibeba, Kangero hatakuwa na mahali popote duniani. Kwa hiyo alipojifungua mtoto wa kiume, mzaliwa wa kwanza, alimwita pembeni wifi yake, Nakiete, ambaye ndiye angeita majina.

“Wifi yangu, nakuomba, mwite kaka yangu kwanza.”

“Mtoto wa kwanza ni wa upande wetu, unajua hivyo,” alisema Nakiete. “Baba yetu Mrindoko anangoja tangu mwaka juzi. Lakini haya, nitamwita wako kwanza, usije ukaninunia mpaka mavuno. Mtoto atachagua mwenyewe.”

Na kweli siku ya nane Nakiete aliita, “Kangero!” Mtoto akageuza uso. Akaita mara ya pili na ya tatu, mtoto akafumba mdomo kabisa. Alipoita, “Mrindoko!” mtoto alilidaka ziwa kwa pupa, vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo ya pili ya bonde. Namkunda alilia, na wageni wakadhani ni furaha.

Sasa kosa lilifanyika alasiri ile, wageni wakiwa nje wanakula. Namkunda alibaki ndani akimwogesha mtoto, akainama akamnong'oneza sikioni, “Kangero.” Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu jina lile lipite mara moja kwenye sikio la mtu wa damu yake, kisha aliache. Mtoto wa siku nane akacheka. Sisemi kile kitabasamu cha vichanga wakiwa usingizini. Alicheka kwa sauti, kama mtu aliyebisha hodi muda mrefu akafunguliwa.

Kuanzia siku hiyo mtoto alinyonya bila kutosheka, na kadiri alivyonyonya ndivyo alivyokonda. Asubuhi moja Namkunda alimwinua kutoka kwenye ngozi ya kondoo aliyokuwa akilalia, akaona manyoya yamebonyea mahali pawili, sambamba. Akapapasa. Pa kwanza palikuwa na joto. Pa pili palikuwa baridi kama chungu cha maji. Aliikung'uta ngozi, akaigeuza, akamlaza mtoto upande wa pili. Siku iliyofuata alama zilikuwa mbili tena, na ile ya baridi ilikuwa imekua.

Hakumwambia mtu, hata mumewe. Na niseme ukweli, alifurahi. Aliogopa, lakini alifurahi, kwa sababu kaka yake alikuwa nyumbani. Msimlaumu upesi, nyinyi ambao ndugu zenu wana makaburi mnayoweza kwenda kuyapalilia.

Mwezi wa pili, mchana wa jua kali, alikuwa ameketi akinyonyesha aliposikia mluzi mwembamba, ule ambao warina asali humpigia ndege anayewaonyesha nyuki. Akatazama mlangoni, hakuona mtu. Mluzi ukalia tena, na safari hii aliuhisi kifuani mwake, maana ulitoka kwa mtoto, na ziwa lilikuwa bado mdomoni. Alimtazama vizuri. Mbavu zilihesabika. Vidole vilivyomshika vilikuwa vimepoa kama ile alama ya baridi. Furaha yote ikamtoka. Alimfunga mtoto mgongoni akakimbia kwa wifi yake, na njia nzima alihisi amebeba mtu mzima.

Nakiete alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Kwa hiyo ulimwita aliyekwisha kukataliwa,” alisema. “Wifi, umenifanyia nini mtoto wa kaka yangu?”

“Nilimwita mara moja tu.”

“Na ameitikia. Ulitaka aende wapi? Hana hata kaburi.” Alimpokea mtoto, akagusa miguu yake, akaifunika upesi. “Hatuwezi kumfukuza kama kuku, ni ndugu yako. Tumpe mahali pake. Lakini utamwita wewe, kwa mdomo wako, na ukishamwita hapo, mtoto huyu hutamwita jina hilo tena mpaka unakufa.”

Walikwenda nyuma ya jiko la Namkunda. Nakiete alimwonyesha pa kuchimba, naye akachimba, akapanda mche wa mgomba, akaumwagia maji aliyomwogeshea mtoto. Kisha akaita, “Kangero.” Aliita polepole, kama mtu anayeita huku akiomba asiitikiwe. Mche ulisimama kimya, jani lake moja limejikunja.

“Wifi, fanya haraka,” alisema Nakiete, akimkumbatia mtoto kifuani. “Baridi imemfika mtoto tumboni.”

Namkunda alijua anachoombwa. Moyo ulimuuma kuliko siku waliomtafuta kaka yake waliporudi kutoka bondeni mikono mitupu. Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zote, kama watu wa ng'ambo wanavyoitana, “Kangero! Kaka! Toka kwa mtoto. Huyu ni wa mzee Mrindoko. Mahali pako ni hapa, na mimi nitakuja kila siku!”

Hapakuwa na upepo. Jani lililojikunja lilitikisika, likafunguka mbele ya macho yao mpaka ncha. Hapohapo mtoto alilia, kilio cha njaa cha mtoto wa miezi miwili, na joto likamrudi. Kesho yake ngozi ya kondoo ilikuwa na alama moja.

Mtoto alikua, akaitwa Mrindoko, na Namkunda alitimiza ahadi yake. Kila asubuhi alipita nyuma ya jiko, akasema, “Umeamkaje, kaka?” akasimama kidogo, kisha akaenda zake.

Na tangu siku hiyo, huko Mkwaru, jina ambalo mtoto amelikataa haliachwi mlangoni. Hupandiwa mgomba nyuma ya jiko, na mgomba huo huitwa kwa jina hilo. Ndiyo maana hata leo wanawake wa kule hawawashi moto wa asubuhi kabla ya kwenda kuusalimu na kusimama kidogo wakisikiliza. Wengi hawasikii kitu, hurudi jikoni kuchochea moto. Yule anayesikia akiitikiwa, naye huwasha moto wake. Asiyetulia ni yule anayesalimu na kuhisi kwamba hapo nyuma ya jiko hakuna mtu. Huyo huacha kuni chini, akakimbia ndani kumpapasa mtoto.