Bi Pimbi na Sheria ya Mapango

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, aliyesinzia simpi mwisho. Pakawa! Haya, sogeeni.

Hapo kale, na msiniulize kale ipi, mimi nilikuwepo. Niliona kwa macho haya, hata vumbi la Fisi lilinipalia.

Wanyama wa bonde walikuwa na sheria nzuri, ila mtunzaji wake alikuwa Twiga, naye aliisemea huko huko juu, kwenye majani ya migunga. Kila masika yakikaribia walikusanyika. Twiga akasema, upepo ukachukua, chini halikufika hata neno. Lakini desturi ni desturi: akinyamaza, wote huitikia, "Tumesikia!" Na Bi Pimbi, mjane mwenye vitoto vitatu, ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Mvua ikaanza kunukia. Fisi akaja mlangoni kwake.

"Hodi, bibi. Funga virago. Sheria inasema pango kavu ni la mwenye meno makubwa."

"Inasema hivyo?"

"Si uliitikia umesikia? Au ulidhani ni ngoma? Kesho asubuhi nakuja na mkeka wangu."

Bi Pimbi akatazama wanawe. Nje mvua yaja, nje kuna mwewe. Akatoka mbio.

Akaita kutoka chini: "Babu Twiga! Sheria ya mapango inasemaje?" Twiga akatafuna. Bi Pimbi akapanda jiwe, akaita. Twiga akatafuna. Akapanda kichuguu, akaita mpaka sauti ikakauka. Twiga akatikisa sikio, akadhani ni nzi.

Bi Pimbi akaketi, akawaza: hata mrefu huyu hushikwa na kiu. Akaenda kumngoja bwawani. Jua lilipokuwa kali Twiga akaja, akatanua miguu kama meza mbovu, akainama. Kabla hajanywa, Bi Pimbi akamrukia puani.

"Babu, sheria ya mapango inasemaje?"

"Lo! Mbona hamjawahi kuuliza? Si huitikia mmesikia?"

"Ilikuwa adabu tu, babu. Hatukusikia kitu."

Twiga akaona haya. "Inasema: mwenye kulea hatolewi pangoni, ije mvua, lije jua."

"Basi? Fupi hivyo?"

"Fupi. Mrefu ni mimi."

Akirudi, Bi Pimbi akapita kwa Kanga, akamwambia. Akapita kwa Kobe, akamwambia.

Asubuhi Fisi huyo, mkeka kichwani. "Sheria inasema..."

"Mwenye kulea hatolewi pangoni!" akamkatiza Bi Pimbi.

"Ije mvua!" Kanga huko kichakani.

"Lije jua!" Kobe huko majanini.

"Nani kawaambia?"

"Mwenyewe Twiga. Tumemuuliza."

Fisi akajitwika mkeka wake, akaenda zake analia.

Masika yaliyofuata Twiga akasema, akanyamaza, akangoja kuitikiwa. Kimya. Kisha Bi Pimbi akapaza sauti: "Inama, babu, urudie!"

Akainama.

Ngano yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe. Usiitikie usichokisikia, maana atakayekuja kukueleza huenda analitaka pango lako.

Na msinikazie macho hivyo. Haya, Fisi hakulia, hilo nimelitia mwenyewe. Alinuna tu. Sasa kununa nako kungemchekesha nani?