Amri ya Saba ya Mlinzi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na jeshi lao na zamu zao za kupika uji, Koplo Kobe alifundisha makuruta amri tisa za mlinzi. Zamani mkewe ndiye aliyemsikiliza akizirudia jikoni, huku akipepeta mchele. Sasa mkewe alikuwa marehemu, na Kobe alizirudia peke yake.

"Hifadhini kichwani!" aliwaambia.

Kindi, kuruta mdogo kuliko wote, akanung'unika. "Afande, si zimeandikwa? Kichwa changu chenyewe kidogo!"

"Haya, tembea ukizisema. Amri moja, hatua moja."

Kindi akachomoa karatasi kofiani, akasoma huku akitembea. Hakufika mbali. Pu! Akatumbukia kwenye handaki la tope lililo ndani ya lango.

Kobe akamvuta kwa kamba. "Wewe ukisoma, nani anaangalia?" Akaikunjakunja ile karatasi, akaitupa nje ya ukuta.

Kindi aliona haya. Wiki nzima aliamka na amri, akalala na amri.

Siku moja jeshi lote lilikwenda mazoezini. Kambini walibaki Kobe, Kindi, na vifaranga saba wa Mama Kanga, wakinywa uji.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Fungua! Mimi Meja Fisi, kutoka makao makuu. Nimekuja kukagua... jikoni!"

Kobe akachungulia. Fisi alivaa kofia ya kijeshi, na kiganjani alishika karatasi iliyokunjamana. Kobe akaitambua. Aliitupa mwenyewe! Na miguu yake hii, angewaokoa vifaranga wangapi?

"Usifungue," akanong'ona.

"Lango hili la fito, afande, atalivunja kwa teke moja. Niachie mimi."

Kindi akafungua, akapiga saluti. "Karibu, Meja! Ila hapa kila anayeingia husema amri za mlinzi akitembea. Amri moja, hatua moja."

"Hilo tu? Hii-hii-hii!" Fisi akainamia kiganja chake. "Ya kwanza, mlinzi hasinzii. Ya pili, mlinzi hali akiwa zamu..."

"Hodari, Meja! Songa mbele!"

"...Ya saba, mlinzi haondoi macho..."

Chubwi!

"...njiani mwake," Kindi akamalizia.

"Nitoe, we kijidudu!" Fisi alifoka, akiparua kuta za tope na kuteleza.

"Tulia, Meja, bado ya nane: mlinzi huita wenzake." Kindi akapuliza baragumu. Puuu! Kwa mbali, vishindo vya jeshi vikaanza kurudi.

"Na ya tisa?" Kobe akauliza.

"Mlinzi huwahesabu waliomo," Kindi akajibu bila kusita.

Kobe akahesabu vifaranga. Saba. Akahesabu tena. Saba. Akaketi hapo hapo langoni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Basi, wanangu, kilichohifadhiwa kichwani huyaacha macho yaone.